Gunia Lina Lebo, Neno Halina



Simu mnayoishika mkononi imebeba ardhi. Ndani yake mna vifaa vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo kazi yake ni kuhifadhi umeme kwa kitambo kifupi na kuutuliza usipande na kushuka ovyo. Baadhi ya vifaa vya namna hiyo hutengenezwa kwa tantali, nayo tantali hutolewa katika koltani, jiwe jeusi na zito kama lile linalochimbwa Rubaya, wilayani Masisi. Vifaa hivyo hushikamanishwa na ubao wa simu kwa lehemu, na lehemu hutengenezwa kwa bati, ambalo hutoka katika kasiterite, jiwe linalochimbwa Bisie, wilayani Walikale. Si kila simu ina jiwe la kwetu. Hata hivyo, Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya ulimwengu mzima, na Bisie takriban asilimia 6 ya bati. Ni vigumu, basi, kuutaja ulimwengu wa leo wa mawasiliano bila kuzitaja wilaya zetu mbili, ijapokuwa wengi wanaozungumza kwa simu hizo hawajapata kusikia majina yake.

Jiwe hilo huondoka kwetu likiwa kimya, kisha hurudi likisema. Hutuletea sauti, picha na maneno: mengine ya kweli, mengine ya uongo, mengine ya kuua. Katika tafakari hii twataka kuitazama historia ya neno katika nchi yetu ya Masisi na Walikale: jinsi habari zilivyosafiri, nani alizibeba, na nani alijibu pale zilipoleta maafa. Twaamini kwamba kijana asiyeijua historia hiyo hawezi kuitawala simu yake. Simu ndiyo itakayomtawala.

Msimuliaji mwenye uso

Zamani neno halikusafiri peke yake. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na uso, jina, ukoo na kijiji. Mfano mzuri tunao Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 mtaalamu wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, aliandika utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa msimuliaji aitwaye Shé-Kárisi Rureke. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na mbili. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, na watu waliomzunguka waliitikia na kupiga ngoma. Utendi huo ulichapishwa mwaka 1969, kwa kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga.

Tuyaangalie mambo mawili. La kwanza ni namna ya kusimulia. Rureke hakusema gizani. Wasikilizaji walimjua, na kama angepotosha, wangalimkosoa papo hapo. Neno lake lilipimwa na masikio mengi kwa wakati mmoja. La pili ni hadithi yenyewe. Mwindo ni shujaa mwenye nguvu za ajabu, lakini pia ni mtu wa majigambo mengi. Mwishowe Nkuba, ambaye ni Radi, anamchukua mbinguni, na huko anateswa kwa baridi, mvua na jua hadi anapojifunza kujizuia. Anaporudi kijijini anatawala kwa sheria, si kwa vitisho. Wazee wetu walijua kwamba mwenye kinywa chenye nguvu hufaa kufundishwa kabla ya kukabidhiwa watu.

Soko la Ntoto

Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1993 tuliona neno likisafiri kwa namna nyingine. Mgogoro haukuzuka ghafula. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja kufanya kazi katika mashamba ya Masisi, wakakaa pamoja na wenyeji na pamoja na wengine waliokuwa wamefika kabla yao. Baada ya uhuru, swali la uraia lilichezewa na wanasiasa. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi uraia. Sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya. Mtu aliyelala raia aliamka mgeni, pasipo kuhama nyumba yake. Ilipofika miaka ya 1991 na 1992, wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa na matumaini ya uchaguzi, maswali mawili yalitawala kila mazungumzo: nani atapiga kura, na ardhi ni ya nani?

Katika hali hiyo uvumi ulipata chakula chake. Kila upande uliambiwa kwamba upande wa pili unajiandaa. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi: kila kabila lilipata habari zake za usiku, na habari hizo zilifanana kama mapacha, ila majina tu yalibadilishwa. Nani alizianzisha? Hakuna aliyejibu. Kila mtu alikuwa ameambiwa. Mwezi Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na moto huo ukaenea Masisi. Maelfu waliuawa, na vijiji kwa vijiji vikahama.

Sharti tukumbuke pia kilichouzima moto huo kwa muda. Mwishoni mwa mwaka 1993 na mwanzoni mwa 1994 viongozi wa jumuiya na vyama vya kiraia waliwakutanisha watu, wakakaa na kutazamana. Waliokuwa wakizungumziana kwa uvumi wakaanza kuzungumza uso kwa uso, na utulivu ukarudi kiasi. Haukudumu, kwa kuwa Julai 1994 wakimbizi zaidi ya nusu milioni waliingia Goma kutoka Rwanda katika siku chache, wakiwemo wenye silaha, na vita vikarudi Masisi katika miaka ya 1995 na 1996. Lakini ule mwanzo wa amani ulituonyesha jambo moja: uvumi hupungua nguvu pale mwenye kutuhumiwa anapokuwa ameketi mbele yako.

Redio mbili

Jirani zetu wa Rwanda walipata somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Radio Télévision Libre des Mille Collines ilianza kutangaza Julai 1993. Ilipendwa na vijana, kwa sababu ilipiga muziki mzuri na kuzungumza kwa mzaha, lugha ya mtaani. Katikati ya muziki na mzaha iliwafundisha wasikilizaji kuwaita jirani zao mende, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ilitaja watu na mahali walipo ili wakauawe. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwaacha huru. Hukumu hiyo iliweka wazi kwamba mtu anaweza kujibu mbele ya sheria kwa maneno yaliyochochea damu, hata kama mkono wake mwenyewe haukushika panga.

Kwetu, redio nyingine ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita na Goma ikiwa chini ya RCD. Radio Okapi ilianzishwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, ikatangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Mtu wa Masisi aliweza kusikia kilichotokea Kisangani au Kinshasa, na wa Kinshasa akasikia ya Masisi, wakati barabara zote zilikuwa zimefungwa. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mwandishi wake Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwezi Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji huohuo mwezi Novemba 2008. Waliotaka kuzima ukweli walijua mlango wa kubisha, kwa kuwa watangazaji hao walisema kwa majina yao. Kusema kwa jina lako kuna hatari. Lakini ndiko kunakolipa neno uzito.

Kuna jambo jingine la redio ambalo vijana wa leo hawakuliona sana. Redio moja ilisikilizwa na watu wengi. Betri zilikuwa ghali, hivyo jioni jirani walikusanyika uani kusikiliza Okapi, au matangazo ya Kiswahili ya BBC, ya Ujerumani na ya Sauti ya Amerika. Habari ilipokwisha, mzazi, mwalimu, muuza jibini na mwendesha chukudu walijadili: yule akatilia shaka, huyu akasema alipita mahali hapo jana na hakuona kitu. Uongo ulilazimika kupita katika chujio hilo kabla ya kulala nyumbani mwa mtu. Simu imeliondoa chujio. Kila mmoja husikiliza peke yake, kipaza sauti kikiwa sikioni, usiku, akiwa na hofu yake.

Jinsi gunia lilivyopata lebo

Sasa turudi kwenye jiwe, kwa maana historia yake yaweza kutufundisha jinsi ya kulitunza neno. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kwa kasi katika soko la dunia, kutoka chini ya dola 50 hadi zaidi ya dola 300 kwa ratili, kisha ikaanguka mwaka 2001. Wakulima waliacha majembe, wanafunzi wakaacha madaftari, wote wakakimbilia mashimo. Wenye silaha nao wakaja. Kuanzia Aprili 2001 ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilieleza jinsi madini yalivyogharimia vita. Kule Bisie, baada ya kasiterite kugunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wabebaji walitembea siku mbili msituni na magunia ya kilo 50 mgongoni, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara ya lami huko Kilambo ili kuyapeleka Goma. Njiani, kila mwenye bunduki alidai sehemu yake.

Gunia lilipofika ng'ambo halikuwa na historia. Lilikuwa jiwe tu. Aliyelinunua aliweza kusema, bila kuona haya, kwamba hakujua. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria, ambayo watu wetu waliiita sheria ya Obama, ikizitaka kampuni kubwa zieleze kama madini yao yametoka Kongo au kwa majirani zake, na kama yamewanufaisha wenye silaha. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Familia nyingi za wachimbaji zilipoteza riziki kwa uamuzi uliofanywa mbali nao, na watoto wengi wakakosa ada ya shule. Baadaye ukaja utaratibu wa lebo: gunia linalotoka shimo lililokaguliwa hufungwa kipande cha plastiki chenye namba, ili mnunuzi aweze kujua limetoka wapi na limepita kwa nani.

Je, lebo imemaliza uovu? La. Lebo zimeuzwa kwa siri, na mawe ya shimo moja yameingizwa katika magunia ya shimo jingine. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya imekuwa mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya huko kodi ya dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Kipande cha plastiki hakisemi kweli chenyewe. Husema kweli pale tu mtu aliyekifunga ni mwaminifu.

Mtu wa namna hiyo tulikuwa naye. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa iliyotolewa ili chakula kilichoharibika kiingizwe sokoni, na mwezi Julai 2007 akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri huko Roma. Kazi yake ilikuwa kusema hiki kipite, hiki kisipite. Kila mwenye simu leo ana kazi hiyohiyo, ingawa hakuna aliyempa mshahara wala ofisi.

Simu na kizuizi

Hatusemi kwamba simu ni adui. Kwa simu mama aliyekimbilia Sake amempata mwanawe aliyekimbilia Mweso. Kwa simu mwalimu hupokea msaada wa ndugu yake bila kupita mbele ya wenye bunduki na fedha mfukoni. Wenye mamlaka wenyewe wanajua nguvu yake: tarehe 31 Desemba 2017, walei Wakatoliki walipoandamana kudai uchaguzi, intaneti ilikatwa, ikakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, baada ya kura, kwa karibu majuma matatu. Na mwezi Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kijana ambaye hana kura, hana kazi na hana barabara, amebakiwa na simu kama mahali pekee pa kusema. Tusimlaumu kwa kutaka kusikika.

Lakini tuangalie anachopokea. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliotumwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati. Hiyo nayo ni lebo, lakini ni lebo pungufu. Hutuambia kwamba neno limepita mikono mingi. Haituambii limetoka shimo gani. Sauti isiyo na jina inasema kijiji fulani kinawaficha adui. Picha ya maiti wa vita vya nchi nyingine inaandikwa jina la kilima chetu. Machi 2025, M23 walipoingia Walikale-centre na kisha kuondoka mwanzoni mwa Aprili, watu walihama wakiwa na habari mbili zinazopingana katika simu moja. Na kwenye kizuizi, simu hiyohiyo hufunguliwa na kupekuliwa. Ujumbe ulioupokea bila kuuomba, na kuusambaza bila kuufikiri, waweza kumfanya mwenye kizuizi akuite mpelelezi. Au waweza kumfikia mtu mwenye panga, akaelekea nyumbani kwa jirani yako.

Yuko kijana atakayetuuliza: je, tukisubiri kuhakikisha, si watu watakufa kabla ya kuonywa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si kunyamaza. Tofautisheni onyo na tuhuma. Onyo hutaja mahali, saa, na kile ulichokiona au ulichokisikia wewe mwenyewe: milio ya risasi imesikika upande wa daraja, saa kumi na moja asubuhi. Tuhuma hutaja kabila au familia. Onyo humsaidia kila mtu kukimbia, hata yule usiyempenda. Tuhuma humwonyesha muuaji mlango. Tumeishi miaka zaidi ya thelathini tangu Ntoto, na hatukumbuki hata siku moja ambapo kutaja kabila la mtu kulimwokoa yeyote.

Tunapendekeza, basi, kwamba neno liulizwe kama gunia linavyoulizwa. Limetoka shimo gani, yaani nani aliliona kwa macho yake? Limebebwa na nani, na je, mbebaji yuko tayari kulitaja jina lake? Na mwisho, likifika sokoni, nani atakula faida? Kuna wanasiasa wanaoishi mbali na milima hii ambao huvuna kila tunapochukiana, kama vile wapo wafanyabiashara waliovuna kila tulipochimba na kuzikana katika mashimo. Ujumbe usiojibu swali la kwanza usivuke simu yako. Uishie hapo, kama bidhaa mbovu ilivyoishia mpakani mikononi mwa Floribert.

Tena tulirudishe lile chujio la redio. Kikundi cha vijana kikutane mara moja kwa juma, simu zikiwa mezani, kisikilize kwa pamoja habari iliyotikisa juma hilo na kuipima. Waalikwe wazee waliouona mwaka 1993, na waalikwe vijana wa lugha nyingine, maana neno juu ya Mhutu hupimwa vyema Mhutu akiwepo, na neno juu ya Mhunde Mhunde akiwepo. Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Sisi watu wa Walikale na Masisi tunaijua misitu, na tumeona jinsi inavyoungua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja habari moja iliyofika katika simu yako juma hili. Je, waweza kumtaja mtu aliyeiona kwa macho yake?

2. Waulize wazazi au wazee wako: mwaka 1993 walisikia nini kabla ya vita, na walikisikia kwa nani? Nani katika kijiji chenu alikataa kupeleka uvumi mbele, na ilimgharimu nini?

3. Ikiwa lebo ya gunia hutegemea uaminifu wa aliyeifunga, nani katika jumuiya yenu anaaminiwa na watu wa makabila yote kuthibitisha habari? Kama hayupo, mtafanya nini ili apatikane kabla ya hatari ijayo?